Mwongozo kamili: jinsi ya kutafuta mahandaki na maboma ya kale kutoka juu ukiwa na bando lako tu

Kuna sehemu huko Uganda magharibi, kando ya mto Katonga upande wa kusini, ukiipita kwa miguu utaona nyasi, vichaka na mashimo marefu marefu ambayo mtu akikwambia ni makorongo ya mvua utakubali. Ukiitazama kutoka juu ndo unashtuka, maana mashimo yale yanazunguka kilima kwa mpangilio, yanaungana, yanaachiana njia, na ukiyapima yote kwa pamoja yanapita kilomita 10. Yalichimbwa na watu kwa mikono, mengine yana kina cha mita 4 na zaidi, na kuna vipande wamekata hadi mwamba. Panaitwa Bigo bya Mugenyi. Mugenyi ni huyuhuyu mgeni wetu wa Kiswahili, ngome za Mgeni, ingawa masimulizi ya kule yanasema Mugenyi ni jina la mtawala wa Bachwezi, ukoo wa wafalme wa kale wanaosimuliwa kule.

Mimi nimeanza huu ugonjwa wa kutazama ardhi kutoka juu miaka kadhaa sasa, nimeunguza bando nyingi na nimeaibika mara kadhaa (nitasimulia), kwa hiyo naandika hapa yote ninayojua ili wewe usipite nilikopita mimi. Hutahitaji droni wala ndege.

Hatua ya 1: Vifaa

Kama una kompyuta, pakua Google Earth Pro, ni bure kabisa tangu 2015, mtu akikuuzia huyo ni tapeli. Kwenye simu programu ya Google Earth inatosha kwa kuanzia ila kwenye kompyuta unapata rula nzuri, unaweka alama zako kwenye mafaili, na unarudi nyuma kwenye picha za miaka iliyopita bila kuhangaika na kidole.

Kuhusu bando: zima majengo ya 3D, zima na matabaka yote ya barabara, picha za watu na majina ya maduka. Halafu ukiwa sehemu yenye WiFi ya bure pitia eneo lako lote taratibu ukiwa umelivuta karibu, programu inahifadhi picha ulizokwisha kuzitazama kwa hiyo ukirudi nyumbani nyingi zinafunguka bila kula MB upya. Mimi nafanya hivyo kila Ijumaa, nikitoka hapo nina kazi ya wikiendi nzima.

Hatua ya 2: Fundisha jicho kwa vitu vinavyojulikana

Usianze kwa kutafuta vipya. Utaona mapiramidi kila kilima. Jicho linatakiwa lifundishwe kwanza.

Anza na Nazca, Peru, kwa sababu ni rahisi. Andika Nazca Lines utapelekwa kwenye jangwa lenye mistari iliyonyooka kama imepigwa kwa uzi, na ukivuta karibu utaanza kuona michoro ya wanyama. Pale hawakuchimba mahandaki, waliondoa tu mawe meusi ya juu udongo mweupe wa chini ukatokeza, na kwa kuwa mvua hainyeshi basi umekaa hivyo kwa miaka kama 2,000. Ndege mdomo-mrefu wa pale ana karibu mita 95. Usikae sana, ni kionjo tu, tena ukiwazoea Nazca utakuwa mvivu maana kwetu hakuna kitu kinachoonekana wazi namna ile.

Ukitoka hapo nenda Newark, Ohio, Marekani. Huko ni udongo kweli, matuta yaliyoinuliwa na watu wa utamaduni wa Hopewell kama miaka 2,000 iliyopita, kuna duara kubwa lenye kipenyo cha mita kama 365 na sehemu nyingine kuna umbo la pembe nane limeunganishwa na duara. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2023. Kinachofurahisha ni kwamba ile pembe nane ilikuwa kiwanja cha gofu kwa zaidi ya miaka 100, kwa hiyo kwenye picha za nyuma utaona vishimo vya mchanga vya gofu vimetapakaa ndani ya kazi ya wazee wa watu. Zoezi lako pale: tenganisha cha kale na cha gofu. Ukiweza, umeshaiva kidogo.

Walioko Ghuba, nyie mna bahati, tafuteni Khaybar huko Saudia. Jangwa la mawe meusi la lava limejaa kuta za kale, na aina moja inaitwa mustatil, neno ambalo sisi tulilisoma darasani kama mstatili. Ziko zaidi ya 1,000 kaskazini magharibi mwa Saudia, zina umri wa miaka kama 7,000, na nyingi zimetambuliwa kwa watu kukaa na picha za setilaiti hivihivi kama wewe.

Halafu njoo nyumbani. Engaruka, wilaya ya Monduli, Arusha. Ukiandika jina hutapelekwa pale penyewe sikuzote, kwa hiyo weka -2.99, 35.96 kwenye kisanduku cha kutafutia kisha zunguka pale ukuta wa Bonde la Ufa unapokutana na tambarare, mto Engaruka unaposhuka. Mwanzoni utaona vumbi. Tulia. Baada ya dakika kadhaa utaanza kuona vimistari vya mawe, visanduku visanduku kama daftari la hesabu, na hapo tena huwezi kuacha kuviona. Hayo ni mashamba ya umwagiliaji ya karne ya 15 hadi 18, karibu hekta 2,000, yenye mifereji, na juu yake kwenye mteremko kuna mabaki ya vijiji saba. Ni mawe zaidi kuliko udongo, lakini kwa kufundisha jicho la Afrika Mashariki sijaona shule bora kuliko hii.

Bigo iweke ya mwisho kwa sababu ni ngumu, kijani tupu.

Hatua ya 3: Elewa kwanini kitu kinaonekana

Hapa ndo wengi wanaruka na hapa ndo penyewe. Handaki la miaka 600 limeshajaa udongo, sasa kwanini linaonekana kutoka juu?

Sababu ya kwanza ni mimea. Umewahi kulima mahindi mahali palipokuwa na shimo la taka la zamani? Shamba zima mahindi yako kiunoni, pale kwenye shimo yamekupita kichwa na yana kijani cha kuiva, na mwaka wa jua kali ndo tofauti inazidi. Udongo uliojaza shimo ni laini, una mboji, unatunza maji. Handaki la kale linafanya hivyohivyo, ila badala ya duara dogo unapata mkanda mrefu wa kijani. Na kama chini kuna ukuta wa mawe mambo yanageuka, mizizi inakosa pa kwenda, mimea inadumaa, unaona mstari wa njano.

Ya pili ni kivuli. Picha nyingi za setilaiti hupigwa asubuhi, kwenye saa nne na nusu hivi, jua likiwa bado upande wa mashariki. Kwa hiyo handaki litakuwa na giza upande wake wa mashariki na mwanga upande wa magharibi, na tuta ni kinyume, linang'aa mashariki na kivuli kinaanguka magharibi. Kabla hujaamua chochote tafuta mti mmoja kwenye picha, angalia kivuli chake kimeelekea wapi, hapo utajua jua lilikuwa wapi. Ubongo unadanganya sana hapa, kuna picha unaona shimo kumbe ni tuta, ukiona hivyo geuza picha kichwa chini na utazame tena. Ndo maana pia handaki linalokwenda kaskazini-kusini linajionesha vizuri, wakati lile la mashariki-magharibi linaweza kupotea kabisa, ukadhani mzunguko umekatika kumbe ni jua tu.

Ya tatu ni rangi ya udongo baada ya kulima, trekta likipita juu ya tuta la kale linavuta udongo wa chini wenye rangi tofauti. Hii kwetu ni ya msimu mfupi, unaikosa kirahisi.

Halafu jifunze kusoma udongo ulirushwa wapi. Wakulima wa Machakos tayari wanaijua hii, fanya juu unachimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu, fanya chini unaurusha chini, na wataalamu wa kilimo dunia nzima wanatumia maneno hayohayo ya Kiswahili. Kwenye mambo ya kale swali ni hilohilo. Mtaro uko nje na tuta liko ndani, hapo inawezekana watu walikuwa wanazuia adui. Mtaro uko ndani na tuta nje, kama pale Avebury, Uingereza, kwenye duara la mawe la kale, sasa adui anasimama juu yako wewe uko shimoni, hiyo ni ngome gani? Kwa hiyo wataalamu wanafikiria ibada na mikusanyiko zaidi.

Hatua ya 4: Rudi nyuma kwenye muda

Bonyeza alama ya saa juu kwenye Google Earth Pro, utapata kijimstari cha kuvuta miaka. Mahali pamoja panaweza kuwa na picha 10 au 20, na kati ya hizo moja tu ndo inaonesha kitu. Pitia zote, usichoke. Ninayoitafuta mimi ni picha ya kiangazi kikali lakini sio mwisho kabisa wa kiangazi, ile wiki ambayo nyasi za kawaida zimeshakauka na zilizo juu ya handaki bado zinajikaza. Wiki mbili mbele kote kumekuwa kahawia na hamna kitu.

Mfano mzuri ni Ireland 2018, jua lilichoma ambavyo hawajazoea, na mwezi wa saba watu wawili waliorusha droni karibu na Newgrange, kaburi kubwa la kale la kule, wakaona duara kubwa limejichora kwenye shamba ambalo watu wamelima miaka yote bila kujua. Mwaka uliofuata mvua zikarudi na shamba likarudi kuwa shamba.

Pembeni ya saa kuna alama ya jua, usihangaike nayo kwa kazi hii. Inapiga kivuli kwenye umbo la milima waliyonayo wao, na umbo hilo ni la kijumla mno kwa mtaro wa mita 5. Vivuli vya kweli ni vile vilivyomo ndani ya picha yenyewe.

Na ukisikia mtu anasifia picha za bure za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ni kweli zinapigwa kila baada ya siku kama 5, ila kila nukta ya picha ni mita 10 ardhini, handaki la Bigo linamezwa. Mimi nazitumia kujua wiki gani nyasi zilikauka, basi.

Hatua ya 5: Tafuta kwa mpangilio

Ukirukaruka utachoka na hutakumbuka ulipopita. Chora kisanduku cha kilomita 5 kwa 5, kipite kama unavyolima, unakwenda unarudi, ukiwa umeinuka kama mita 800 hadi 1,000 juu ya ardhi. Kila ukiona kitu weka alama, andika tarehe ya picha (sio tarehe ya leo), kisha endelea, usisimame kuchambua.

Pa kuanzia? Fikiria walioishi pale walihitaji nini. Bigo ipo kwenye maji na malisho, handaki la nje linagota kwenye mto Katonga na kinamasi chake, yaani maji yenyewe yamefanywa sehemu ya uzio. Kama kilomita 13 hivi kusini kuna Ntusi, kijiji kikubwa cha kale chenye vilima viwili vya taka na mifupa mingi ya ng'ombe. Kwa hiyo unafuata ng'ombe na maji. Kule Munsa, Bunyoro, mahandaki yamezunguka kilima cha mawe, na wachimbaji wa miaka ya 1990 walikuta kaburi chini ya tanuru la kuyeyushia chuma, kwa hiyo hata chuma ni kidokezo.

Msituni usipoteze muda. Kule Acre, Brazil, kuna mahandaki ya duara na mraba zaidi ya 450 ambayo yalionekana baada ya misitu kukatwa kwa ajili ya ng'ombe, kabla ya hapo wangepita juu kwa ndege miaka 100 wasione. Siku hizi kuna laida, mashine inayopiga miale kutoka kwenye ndege ikapenya kati ya majani, ila hiyo sio ya mfuko wangu na wako.

Hatua ya 6: Kushuku, na aibu yangu

Mwaka fulani niliona duara Umasaini, zuri ajabu, kama mita 70 kipenyo, nyasi zake kijani tofauti na kote, na pembeni kuna jingine dogo. Sikulala. Nikachora, nikapima, nikaliita jina kabisa. Wiki iliyofuata nikamwonesha mjomba ambaye amechunga maeneo yale ujana wake, akavaa miwani, akaishika simu mbali na uso kama wanavyofanya wazee, akacheka mpaka akakohoa. "Mpwa wangu, hili ni boma. Walihama mwaka wa ile njaa. Hapo katikati palikuwa na mbuzi."

Samadi ndo ilikuwa imeotesha zile nyasi. Nikaona aibu, lakini baadaye nikasoma kwamba Narok, Kenya, watafiti walionesha mwaka 2018 kwamba mazizi ya wafugaji wa kale kabisa, ya miaka 1,500 hadi zaidi ya 3,000 iliyopita, bado yanaonekana kwa setilaiti kama madoa ya nyasi kwa sababu hiyohiyo ya samadi. Kwa hiyo mjomba alikuwa sahihi na mimi pia sikuwa mwehu, tatizo ni kwamba kutoka juu zizi la 1974 na zizi la miaka 3,000 yanaweza kufanana.

Hiyo ndo shida kubwa ya kazi hii. Picha inakupa umbo, haikupi muda. Karne zote zimelala kwenye skrini moja kama nguo kwenye kapu. Hata wakubwa wamenaswa: Louis Leakey, mtafiti maarufu wa mambo ya kale, alifika Engaruka 1935, akaona nyumba zote zile na mashamba yote yale, akakadiria watu zaidi ya 30,000. Waliokuja baada yake wakapunguza sana, kwa sababu sio vyote vilitumika kwa wakati mmoja, watu walijenga hapa, wakahamia pale. Na uchunguzi wa udongo umeonesha baadhi ya vile visanduku vilijengwa kidogo kidogo ili kunasa udongo unaoletwa na maji, yaani shamba lenyewe lilitengenezwa na mafuriko yaliyoongozwa.

Vinavyodanganya mara nyingi zaidi ya maboma: vichuguu vilivyojipanga, mashimo ya kifusi pembeni ya barabara, tanuru za matofali, njia za ng'ombe kwenda majini, matuta ya kuzuia mmomonyoko ya enzi za mkoloni, na mashamba ya duara ya mashine za kumwagilia. Ukienda maeneo ya Taveta kumbuka kulipiganwa Vita ya Kwanza ya Dunia, mahandaki ya kule Salaita ni ya wanajeshi, usimsingizie Mchwezi.

Jaribio langu ni hili. Kionekane kwenye picha za miaka tofauti angalau mbili, kisifuate mkondo wa maji (maji hayapandi kilima), kiwe na upana unaolingana njia nzima, na ramani za zamani zisioneshe kitu pale. Kikifeli kimoja nakiweka kwenye faili la "labda", na hilo faili limejaa.

Hatua ya 7: Pima, kisha tafsiri kwa upole

Chukua rula, pima urefu wa mzunguko, upana wa mtaro, na hesabu mianya. Mianya ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Bigo ilielezwa muda mrefu kama ngome ya vita, lakini handaki la nje lina njia za kupitia nyingi, na kulilinda lote kwa urefu ule ungehitaji jeshi la kusimama usiku na mchana. Wanaakiolojia wamechimba pale, Shinnie 1957 na Posnansky 1960, na vipimo vinaiweka kati ya miaka ya 1300 na 1500 hivi. Mimi binafsi nikiangalia ile michoro naona ng'ombe wengi na mtu aliyetaka wageni wajue wameingia kwa nani. Ni maoni yangu tu, mwenye lake aseme.

Hatua ya 8: Kwenda mwenyewe

Engaruka unapanda gari Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Natron, ni vumbi, nenda kiangazi. Fika kwanza kijijini, salimia wazee, chukua kijana wa pale akuongoze na umlipe vizuri. Nenda mapema, saa moja asubuhi jua liko chini na kila mstari wa mawe una kivuli, ikifika saa tano unaona mawe tu. Usirundike mawe upya, usikae juu ya kuta, na usiokote kigae hata kama ni kidogo. Kigae kikitoka pale kilipo kinakuwa uchafu wa nyumbani kwako. Pia ni kosa, sheria ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863.

Droni usibebe kienyeji. Tanzania, Kenya na Uganda zote zinataka vibali, vipate kabla ya kusafiri maana unaweza kunyang'anywa kifaa pale pale.

Hatua ya 9: Ukiamini umepata kitu

Usirushe kodineti mtandaoni. Nasema tena, usirushe. Wiki haiishi watu wanakuja na sururu kutafuta dhahabu ya Mjerumani, hasa huku Bara, na wanachimba usiku.

Andaa kifurushi kidogo: skrinishoti tatu za miaka tofauti zenye tarehe, vipimo, faili la alama, na maelezo nusu ukurasa ya wenyeji wanapaitaje pale na wanasema nini. Peleka kwa watu wa malikale wizarani kama uko Tanzania, Makumbusho ya Taifa kwa Kenya, Makumbusho ya Uganda kule Kampala, au idara ya akiolojia ya chuo kikuu kilicho karibu nawe. Andika "nadhani", usiandike "nimegundua". Watakujibu taratibu, wengine hawatajibu, tuma tena baada ya mwezi. Na kabla hujatuma muoneshe mzee mmoja aliyewahi kuchunga pale.